Maneno Meupe

Mutindi hakuwahi kuuza kitu kwa kupaza sauti. Mama yake mzazi aliuza ndizi kando ya barabara ya Kathiani, akimwita kila mpita njia "mteja wangu", na binti huyo alipokuwa akienda shule alivuka upande wa pili wa barabara ili wenzake wasimwone akisalimiwa. Akasoma, akawa mwalimu wa Kiswahili, akaolewa na Mwalimu Musembi wa Mitaboni. Na kila mwaka alipofika kwenye somo la methali, aliandika moja ubaoni kabla ya nyingine zote: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kulikuwa na nyingine ambayo hakuiandika kamwe. Mwanafunzi akiitaja, alisema tu, "Vizuri, kaa chini," akapita. Ilikuwa ni ile ya lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Sababu yake ilijulikana na kila mtu mzima wa Mitaboni. Mama yake Musembi alikuwa amesemwa. Alifiwa na mume mapema, na mwaka wa ukame mkubwa, ng'ombe wa majirani walipolala chini wasiinuke, wake walisimama. Mwanawe akapasi mtihani uliowashinda wana wa matajiri. Basi watu wakasema ana kibuyu, na ndani ya kibuyu ana kamuti, ile dawa ambayo makabila mengine hututania nayo hadi leo, kana kwamba kila Mkamba huzaliwa ameishika mkononi. Hakuna aliyekiona kibuyu chenyewe. Lakini Musembi alipofanywa mwalimu mkuu angali kijana, walisema ile kazi ilitoka humo humo.

Musembi hakubishana na mtu. Alijibu kwa namna alivyoishi. Alifika shuleni kabla ya kengele, hakunywa, hakugusa cha mtu, akawa mzee wa kanisa, akawafundisha kusoma watoto wa wale wale waliomsema mama yake. Siku alipozikwa, uvumi ulikuwa umekwisha kutangulia kaburini kitambo. Shamba alilomwachia mkewe halikuwa kubwa, na nyumba ilikuwa ya kawaida. Lakini jina lilikuwa jeupe, na Mutindi alilitunza kama watu wanavyotunza kitambaa cha meza cha arusi, kwa kukikunja na kukiweka mbali na mikono ya watu.

Biashara ya syondo, vikapu vya Kikamba, ilimjia bila yeye kuitafuta. Alipostaafu, wanawake wa kanisa la Mitaboni walimwomba awe mwenyekiti wao. Walisuka vikapu vya katani vile walivyofundishwa na nyanya zao, uzi ukisokotwa pajani, rangi ikitoka kwenye mizizi na magome. Vilikuwa vikapu vya kukaa miaka ishirini. Lakini dalali aliyekuja kuvichukua alivibonyeza kama mtu anayenunua maparachichi, akatoa bei ya kudharau, na kule Nairobi akavitia chapa ya duka la mtu mwingine.

"Sisi tunasuka, jina la mwingine linavaa," alisema Syokau, aliyekuwa hodari kuliko wote kwa kusuka na kwa kusema. "Mwalimu, wewe umesoma. Hakuna njia?"

Njia ilitoka kwa mtu ambaye Mutindi hakuruhusiwa kukaa naye chumba kimoja.

Binti yake Nduku alikuwa ameolewa na Kitheka, mwanamume mpole mwenye saiba, duka la intaneti, kule Mlolongo, ambako madereva wa malori wakisubiri zamu ya mizani waliingia kusoma baruapepe zao. Kitheka alikuwa muthoni wake, mkwe, na kwa Wakamba neno hilo limebeba nthoni ndani yake, yaani aibu na heshima kwa pamoja. Mama mkwe na mume wa bintiye hawapeani mkono, hawali meza moja, wala neno la aibu halitamkwi na mmoja mwenziwe akisikia. Familia nyingi za mjini zilikuwa zimeyaacha hayo. Mutindi hakuyaacha. Alisema kuwa na elimu si kuwa na macho makavu.

Basi mwaka ule wa 2005 mkutano wa tovuti ulifanyika hivi: Mutindi sebuleni kwenye kiti chake, Kitheka nje barazani akitazama kuku, na Nduku amesimama mlangoni katikati yao akibeba maneno.

"Muulize mume wako, hiyo tovuti itakaa wapi?"

"Kwa kompyuta, Mwaitu," Nduku akajibu. Wakamba humwita mama hivyo, Mwaitu.

"Kompyuta ya nani?"

Kitheka akakohoa huko nje. "Mwambie Mwaitu kompyuta yenyewe iko Amerika. Sisi tunakodi nafasi tu."

"Amerika!" Mutindi akavua miwani. "Jina la Musembi liende kukaa nyumba ya kupanga?"

Nduku alicheka mpaka akaegemea mwimo wa mlango. Nje, kiti cha muthoni kililia kidogo, maana naye alikuwa akicheka lakini kwa heshima.

Tovuti ilitengenezwa. Iliitwa Syondo sya Musembi. Ilikuwa na picha za vikapu juu ya nyasi, na ukurasa mmoja mrefu juu ya familia, ambao Mutindi aliuandika mwenyewe kwa mkono, akaufuta, akauandika tena. Alieleza maisha ya mumewe tangu shule ya chini ya mti hadi ualimu mkuu, akamaliza kwa sentensi aliyoipenda: Mwalimu Musembi alimcha Mungu, akaacha jina jema. Chini kabisa ya ukurasa Kitheka aliweka kisanduku cha kuhesabu wageni.

Wageni hawakuja. Namba ilipopanda, ilikuwa Nduku mwenyewe amefungua kuangalia kama imepanda.

Mkutano ukaitishwa tena. Safari hii Kitheka alikuja na maelezo, akayapitisha kwa mkewe polepole. Mtu aliye mbali, alisema, hajui kwamba sisi tuko. Anachofanya ni kwenda kwenye mtambo wa kutafutia na kuandika neno, nao mtambo unamletea kurasa zenye neno hilo. Ukurasa usio na neno lake hauletwi, hata uwe mzuri namna gani.

"Na wanaandika neno gani?"

"Anasema watu wanaandika kiondo, Mwaitu."

Mutindi alinyoosha mgongo kama aliyesikia mwanafunzi akimkosea adabu. "Kiondo si neno letu. Kwetu ni kyondo, na vikiwa vingi ni syondo. Hicho kiondo ni cha kabila lile lililotupokonya soko likatupokonya na jina. Mtu asiyejua jina la kitu hatajua thamani yake."

"Anasema ni kweli. Lakini anasema mtambo haujui mambo ya watu, Mwaitu. Unaangalia herufi tu."

"Basi ujifunze."

Kuku mmoja alipanda ngazi, akashuka. Kisha sauti ya Kitheka ikasema yenyewe, bila kupitia kwa Nduku, lakini kwa chini kama ya mtu aliye kanisani: "Sawa, Mwaitu."

Mwezi uliofuata wageni walianza kuja. Nduku alipiga simu kutoka Mlolongo akipiga kelele. Mwanamke mmoja Mkamba aishiye Kanada aliagiza vikapu vya arusi ya binti yake. Duka moja la Uholanzi likataka sampuli, kisha likataka zaidi. Syokau aliweka tangi la maji nyumbani kwake, na wanawake waliokuwa wamesusa kikundi walirudi wakisema hawakuwa wamesusa, walikuwa na kazi. Mutindi alisimama mbele yao akawaambia, "Si niliwaambia? Chema chajiuza." Nao wakapiga makofi.

Jambo dogo tu lilimkera. Baruapepe nyingine zilikuwa za ajabu. Mtu wa Nakuru aliuliza kama mzee angali anaona watu au ni mpaka kupanga siku. Mwanamke mwingine aliandika kwamba mume wake ameondoka na je, itachukua muda gani. Nduku alimsomea kwa simu akicheka. "Watu wamepotea njia, Mwaitu. Ni kama kupigiwa simu ya mtu mwingine." Mutindi akakubali. Kitheka alizifuta.

Kisha shule ambayo Musembi aliiongoza ikajenga maktaba, na kamati ikaamua iitwe kwa jina lake. Mutindi aliposikia habari hiyo aliingia chumbani akafunga mlango. Hakulia. Alitoa koti la mumewe sandukuni, akalipiga brashi, akalirudisha. Aliona kwamba sasa kazi ile ya kulinda imekwisha. Jina likishaandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta, ni nani atakayelisema tena?

Karani wa shule, Mutheu, alipewa kazi ya kuandaa kijitabu cha sherehe. Alipotafuta maisha ya marehemu, aliyakuta yote yamepangwa vizuri kwenye tovuti ya familia. Akayanakili, akayabandika kwenye kazi yake, akaipeleka kwenye kibanda cha kupiga chapa mjini Machakos.

Siku ya sherehe mahema yalisimama uwanjani, meupe na ya buluu. Kwaya ya akina mama ilivaa sare mpya. Wageni walipokea vijitabu mlangoni, na Mutindi, aliyeketi mstari wa mbele kwa vazi la kijivu na kofia, aliweka chake mapajani bila kukifungua. Alitaka kuyasikia maneno yake yakisomwa na mtu mwingine.

Msomaji alikuwa Mzee Mulwa, mwenyekiti wa kamati, mtu wa miaka mingi na sauti ya ngoma. Alivaa miwani akaanza. Alisoma kama wasomavyo watu wa zamani, neno kwa neno, kidole kikitembea kwenye mstari, asiache hata nukta. Alisoma juu ya shule ya chini ya mti. Alisoma juu ya mwaka wa ualimu mkuu. Nyuma, kwenye hema la vijana, kulikuwa na kicheko kilichoanza na kunyamazishwa, kisha kikaanza mahali pengine. Mutindi aligeuza shingo kwa hasira. Vijana wa siku hizi hawana msiba wala arusi.

"Mwalimu Musembi alimcha Mungu," Mzee Mulwa akanguruma, "akaacha jina jema. Kiondo kiondo kiondo. Kikapu cha Kamba. Mganga wa Kamba. Mganga hodari Machakos. Kamuti. Dawa ya mapenzi. Kumrudisha mu..."

Kidole kikasimama. Mzee akasogeza kijitabu mbali na macho, akakileta karibu tena, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani.

Ndipo sauti ya kijana ikatoka kule nyuma, ya furaha kabisa, "Wee! Kumbe mwalimu alikuwa na side ya pili!" na mahema yakaangua kicheko. Wengine walicheka wakijishika midomo. Lakini wazee wa Mitaboni, wale wa rika la Musembi, hawakucheka hata mmoja, na hilo ndilo lililomchoma Mutindi zaidi. Walitazamana tu. Mmoja alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesubiri jibu miaka arobaini na sasa limekuja.

Mutindi alisimama. Alitembea mpaka kwenye utepe wa mlango wa maktaba, akaukata kwa mkasi kabla ya mtu kumwambia aukate, akarudi akaketi. Nduku akaushika mkono wake.

Karani Mutheu alimfuata nyuma ya madarasa akilia. "Mimi nilichukua tu kwa tovuti yenu, Mwalimu. Naapa. Kwa skrini hayo maneno hayakuwako." Mpiga chapa aliyekuwa amealikwa akaongeza alichokijua. Mashine yake ilikuwa na wino mmoja tu, mweusi, basi kabla ya kupiga chapa aliyateua maandishi yote, mwanzo hadi mwisho, akayafanya meusi. Kama kulikuwa na maneno meupe juu ya ukurasa mweupe, alisema, yeye angejuaje? Mutheu akampeleka Mutindi ofisini, akafungua ukurasa ule, akavuta kipanya mpaka chini, na maneno meupe yakajitokeza ndani ya rangi ya buluu.

Nyumbani kulikuwa na sufuria za pilau na muthokoi zilizopikwa kwa ajili ya mji mzima. Waliokuja walikuwa wachache, wakala haraka wakiwa wamesimama. Mzee Mulwa hakuja. Alituma salamu kwamba mguu unamsumbua.

Kitheka alikuwa barazani kwenye kiti kile kile. Nduku akachukua nafasi yake mlangoni, tayari kubeba maneno. Lakini Mutindi alimpita. Alitoka nje, akavuta kiti kingine, akakiweka mbele ya mkwewe, akaketi wakitazamana. Tangu Nduku aolewe, jambo hilo halijawahi kutokea. Kitheka akainamisha uso, na Nduku akabaki mlangoni mikono mitupu.

"Ni wewe uliyeyaandika?"

"Ni mimi, Mwaitu."

"Eleza."

Alieleza akiwa ametazama viatu vyake. Mwanzo lilikuwa neno moja tu, kiondo. Mwaitu alikuwa amelikataa, na yeye hangeweza kumkatalia Mwaitu. Kwa hiyo aliliandika kwa rangi nyeupe chini ya ukurasa mweupe, mtambo ulisome na Mwaitu asilione. Mafundi wengi wa tovuti walifanya hivyo. Wageni wakaja. Ndipo akatazama ni maneno gani mengine watu huandika wanapoandika Kamba, na yaliyoongoza hayakuwa vikapu. Yalikuwa ni yale. Akayaongeza. Wageni wakawa wengi.

"Na wale waliouliza kama mzee anaona watu?"

"Ni hao, Mwaitu."

"Ukajua. Ukanyamaza."

"Ningekuambiaje?" Hapo aliinua uso kwa mara ya kwanza, na macho yalikuwa mekundu. "Nisimame mbele yako nitamke kamuti? Nikuambie dawa ya mapenzi, wewe mama yake mke wangu?"

"Hukuweza kulitamka mbele yangu," alisema Mutindi, "ukaliandika mbele ya ulimwengu. Chini ya jina lake. Unajua mama yake alisemwa nini?"

"Mwaitu, mimi ni wa Mlolongo. Hakuna aliyeniambia."

Ilikuwa kweli. Nyumba hii haikuwahi kulitamka jambo hilo. Hata Nduku alilisikia kwa watoto wa shule. Na lile neno la kwanza, kiondo, ni yeye aliyelikataa sebuleni kwake. Alilitazama jambo hilo kwa muda, hakulipenda, wala hakupata pa kuliweka.

"Lifute," akasema. "Lote."

"Nikiondoa hayo meupe tu..."

"Nimesema lote. Picha, ukurasa, jina. Pasibaki kitu."

Siku ya pili Syokau alipanda hadi kwa Mutindi, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alikuwa amesikia. Hakuzunguka.

"Mwalimu, wanasema unafunga duka."

"Nafunga aibu."

"Aibu ya nani? Mimi nilicheka, nikarudi kusuka. Kila mtu amecheka, amerudi kazini."

"Wewe si jina lako lililosomwa, Syokau."

"Hapo umesema!" Syokau akaketi kwenye ngazi bila kukaribishwa. "Jina langu halijaandikwa popote, liwe zuri au baya. Kazi yangu imeenda Uholanzi ikiitwa Musembi. Sijalalamika. Nilisema ni sawa, jina la mwalimu lina kivuli, tukae hapo. Sasa jua limegeuka kidogo, unakata mti?"

"Unataka niache watu wamwite mume wangu mganga ili nyinyi muuze vikapu?"

"Nataka uache watu waseme. Watu husema, Mwalimu! Mama yake alisemwa, akalima, akasomesha, akafa mzee. Nyanya yangu alikuwa rafiki yake. Unajua alikuwa akisema nini? Alikuwa akisema, 'Wacha waniogope, hawataniibia mahindi.'"

Mutindi hakuwahi kuisikia habari hiyo. Kwa kitambo alitaka kuuliza zaidi, mama mkwe wake alicheka namna gani alipoyasema, na je, Musembi alijua. Badala yake akasema, "Nyinyi fanyeni tovuti yenu. Iiteni Kiondo cha Mitaboni. Andikeni kiondo kwa herufi kubwa, kwa wino mweusi. Kitheka atawatengenezea. Lakini Musembi hayumo."

Syokau alivaa viatu. Alipofika langoni aligeuka. "Tutaanza upya na hakuna anayetujua."

"Ndiyo."

"Haya, Mwalimu. Wewe una la kupoteza. Sisi tunatafuta la kula."

Tovuti ikafutwa. Mutindi alidhani mambo yameisha hapo, kama ubao ukishafutwa. Lakini Nduku alimwambia kwa sauti ndogo kwamba mtambo wa kutafutia hausahau mara moja. Huweka nakala ya ulichokisoma. Ndipo Mutindi akasafiri mwenyewe hadi Mlolongo, akaingia saiba ya mkwewe kwa mara ya kwanza. Dereva mmoja wa lori alimpisha kiti akisema, "Shikamoo, mama." Kitheka alitaka kusimama mbali. Mutindi akamwambia, "Kaa hapa. Yaliyovunjika yamevunjika."

Aliandika jina la mumewe kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na hakukosea hata moja. Mtambo ukajibu. Jina lilitokea juu kwa maandishi ya buluu, na chini yake, kwa weusi mdogo ulio wazi kabisa, mganga hodari Machakos, kamuti, dawa ya mapenzi. Ukurasa wenyewe haukuwapo tena, alieleza Kitheka; ukibonyeza utakuta patupu. Kilichobaki kilikuwa ni uvumi wake tu.

"Kama halipo laja," alisema Mutindi.

"Mwaitu?"

"Si kitu."

Alirudi saiba tena na tena kulitazama. Kanisani alikaa mahali pake pale pale, shingo wima, akiwasalimu wale wazee mmoja mmoja kwa majina yao, nao wakamjibu kwa adabu iliyozidi kidogo. Watoto wa shule waliibatiza maktaba jina lao, nalo alilijua, ijapokuwa hakuna aliyemwambia. Kikundi cha Mitaboni kilikuwa na tovuti mpya yenye neno la watu wengine mbele, na wageni wake walikuwa wachache. Dalali wa zamani alionekana tena njiani na gunia lake. Syokau alimsalimu Mutindi sokoni kwa heshima, akaendelea na safari yake.

Kisha ikafika siku, mvua za Novemba zikipiga mabati ya Mlolongo, Mutindi akaandika jina kwa kidole kile kile, na mtambo ukatulia, ukaleta ukurasa karibu mtupu. Kulikuwa na mstari mmoja tu juu, ukisema hakuna kilichopatikana.

"Limetoka, Mwaitu," Kitheka alisema, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Limesafika."

"Hebu andika na mwalimu mkuu. Andika na Mitaboni."

Aliandika. Hakuna kilichopatikana.

"Andika na jina la shule."

Shule ilikuwapo, na picha ya lango lake. Musembi hakuwapo. Hakukuwa na mwalimu aliyefika kabla ya kengele, wala koti, wala mtoto wa mjane aliyepasi mtihani. Katika dunia nzima ambayo mtambo ule uliijua, mtu huyo hakuwahi kusemwa, kwa uzuri wala kwa ubaya.

Kitheka alikuwa akimtazama kwa wasiwasi. Mutindi alinyoosha mkono akashika kipanya, kama alivyomwona karani Mutheu akifanya siku ile ya kumwonyesha. Akakibonyeza, akakivuta taratibu kutoka juu ya ukurasa mweupe mpaka chini kabisa, kuona kama kuna neno lililofichwa humo, hata moja, litakalotokea.

Rangi ya buluu iliukumba ule mstari mmoja wa juu. Huko chini palibaki peupe.